Barabara ya Kasanga Kwenye Kioo

Kabla hujagusa mashine yoyote nyumbani kwa Mpiga Chapa, ulipaswa kuikalia mikono yako. Nasema hivyo kwa maana yake halisi. Ulikaa kwenye benchi la sebuleni, ukasukuma viganja chini ya mapaja, ukatulia mpaka aseme, "Haya, toa." Asubuhi za mwezi wa sita Sumbawanga zina baridi ya kuuma. Upepo unashuka kutoka kwenye vilima vya nyasi visivyo na mti wa kuuzuia, na vidole vilivyokufa ganzi hupiga herufi mbili kwa mpigo mmoja. Wanafunzi wapya walikuwa wakicheka. Yeye aliwasubiri wamalize.

"Mmemaliza? Sasa kalieni tena tangu mwanzo. Kicheko kimeipoza."

Mtaa mzima ulimwita Mpiga Chapa, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, lakini baada ya nililomfanyia naona sina haki ya kuliandika.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyelima, na ndani ya nyumba alivaa koti zito la udereva la mumewe, mikono imekunjwa mara mbili. Miaka mingi alipiga chapa kwenye ofisi ya shirika moja la umma. Biashara ilipoachiwa huru, shirika likafungwa, na vitu vya ofisi vikauzwa kwa mnada: meza, makabati, hata mapazia. Yeye alinunua mashine mbili za chapa alizokuwa akizitumia mwenyewe, akazibeba nyumbani moja baada ya nyingine kwa mkokoteni, akaanza kufundisha sebuleni. Wakati huohuo maduka ya mjini yalikuwa yanajaa redio, betri, viatu vya mtumba, vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Duka linajaa, ofisi inafungwa. Ndivyo nilivyouelewa uhuru wa biashara nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, nimepata kibarua cha kutoa nakala kwenye duka la Hajati, mama mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa mjini.

Nilikwenda kwa Mpiga Chapa kujifunza kupiga chapa. Nilirudi kwa sababu ya mashine ya tatu.

Ilikaa pembeni chini ya kitambaa cha kufuma: kompyuta ya nyumbani, kibodi nene ya rangi ya udongo, waya mmoja ukienda kwenye televisheni ya mtumba na mwingine kwenye chombo cha kaseti. Mhandisi mmoja wa kigeni wa mradi wa maji alimwachia mradi ulipoisha, pamoja na kitabu cha maelezo kilichokosa kurasa na magazeti machache yenye orodha za namba. Mhandisi alidhani itamsaidia kuandika barua. Haikuwa na printa. Kwa barua haikufaa kitu.

Mpiga Chapa alikaa nayo. Siku moja alifungua gazeti, akaona kurasa sita za namba tupu, akazipiga zote kama zilivyokuwa bila kuelewa hata moja na bila kukosea hata moja, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake maisha yake yote: kupiga sawasawa maneno ya watu wengine. Alipomaliza, kioo kikageuka anga na mstari wa ardhi, na ardhi ikaanza kutembea.

"Nikaona inatembea," aliniambia. "Nikasema, kumbe. Basi itembee kwetu."

Hapa ni lazima nimtaje Dereva, mumewe. Kwa miaka mingi aliendesha lori kati ya Sumbawanga na Kasanga, akipeleka mahindi na maharage, akirudi na samaki wakavu kutoka ziwani. Kiharusi kilimkamata akiwa anabadilisha tairi. Upande wa kulia ukafa. Kitanda chake kikaletwa sebuleni, kikawekwa mkabala na televisheni, ili asikae peke yake wakati wanafunzi wanapiga chapa. Mdomo ulipinda, maneno yakawa yanatoka polepole, lakini utani ulitoka wote.

Mpiga Chapa akaamua kumtengenezea barabara ya Kasanga.

Aliijenga kipande kwa kipande, kwa miaka. Nyumba za mwisho za mji. Mashamba yenye matuta ya duara. Vilima vitupu. Matanuru ya kale ya kufulia chuma, yale ya udongo yaliyosimama porini kama watu walioachwa na gari. Kisha mteremko, kona baada ya kona, na mwisho wa yote, ziwa. Katikati ya kioo kulikuwa na lori dogo la buluu ambalo halikuhama mahali pake, ilihama nchi. Ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, barabara inakwenda. Ukikiachia, inasimama. Kibodi ililazwa kitandani, na Dereva aliendesha kwa mkono wa kushoto, kila siku baada ya uji wa saa kumi.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipoona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Panda, tunaondoka. Una mzigo?"

"Sina."

"Bora. Wenye mizigo wanasumbua." Akabonyeza. Lori likaanza. "Katibu!" Alimwita mkewe hivyo kwa kumtania, kwa sababu ofisini walimwahidi cheo cha katibu muhtasi na hawakumpa. "Katibu, hapa kwenye mikaratusi umeweka minne. Ni mitatu."

"Wa nne uko nyuma ya nyumba."

"Ulikatwa."

"Lini?"

"Mimi ndiye niliyeubeba."

Mpiga Chapa akachukua kalamu, akaandika pembeni ya gazeti: *mikaratusi mitatu*. Kesho yake ilikuwa mitatu.

Lakini barabara ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ndiyo iliyonivuta mimi. Kila baada ya hatua chache picha ilishtuka, kama mtu aliyeguswa kwa ghafla akiwa amesinzia. Dereva alikuwa na maelezo yake.

"Gia ya tatu inaruka," alisema. "Katibu, hili gari nani alilifanyia matengenezo?"

"Mimi."

"Ndiyo maana."

Alicheka, lakini baada ya dakika kadhaa alifumba macho. Tangu kiharusi, mshtuko ule ulimzungusha kichwa. Safari nzima ilikuwa kama dakika kumi, mwendo wa lori lenye shehena, na yeye hakuwahi kuimaliza. Alifika kwenye matanuru, akaachia kitufe, akasema, "Abiria wajinyooshe miguu." Kisha akageuza uso ukutani. Mteremko hakuuona. Ziwa hakuliona hata mara moja, ingawa mkewe alikuwa amelichora zamani na lilikuwa linamsubiri kule mbele. Alijua kwamba lipo. Aliliulizia.

"Maji yana rangi gani?"

"Fika uyaone," mkewe alimjibu.

Ngoja nieleze ile kasoro, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Kioo cha mashine ile kiligawanywa katika visanduku vidogo, arobaini kwa upana na ishirini na tano kwa kimo, na kila kisanduku kilikuwa na upana wa nukta nane. Ukitaka barabara itembee, njia rahisi ni kuhamisha kila kisanduku nafasi moja kushoto. Lakini hapo nchi inaruka nukta nane kwa mara moja, inachechemea. Mashine ilikuwa na hisani moja: iliweza kukisogeza kioo chote nukta moja, mbili, mpaka saba, laini kabisa. Baada ya hapo unairudisha kwenye sifuri na papo hapo unahamisha visanduku vyote elfu moja. Televisheni huchora picha kutoka juu kwenda chini, mara hamsini kwa sekunde, na kazi yote hiyo unatakiwa uimalize wakati mwale wa mwanga unaoichora unapanda kurudi juu kuanza picha mpya. Ukichelewa kidogo tu, jicho linaona. Zile namba za kwenye gazeti zilikuwa zinachelewa.

Mimi nilijifunza haya peke yangu, kutoka kwenye kitabu chenye kurasa pungufu, kwa Kiingereza nilichokuwa nakibabaisha. Hakuna mtu Sumbawanga wa kumuuliza, au kama alikuwapo sikumfahamu. Niliandika maneno nisiyoyajua kwenye daftari, nikayazungukazunguka mpaka yakafunguka. Nasema bila kujisifu. Watu waliojifunza wenyewe tuna ugonjwa mmoja: hatukuwahi kusikia mwalimu akisema "imetosha," kwa hiyo hatujui inatosha wapi. Nikifunga duka la Hajati narudi mara tatu kutikisa kufuli. Nikiandika barua nairudia mpaka maneno yanapoteza maana. Wakati huo nilifikiri hii ni sifa njema.

Na hapo Mpiga Chapa alikuwa na sura mbili ambazo sikuzielewa. Kwenye karatasi hakusamehe. Hakuwa na raba wala ile dawa nyeupe ya kufutia. Herufi moja ikikosewa, karatasi ilichanwa, hata kama ni mstari wa mwisho. Mara moja alikuja mfugaji kutoka bonde la Rukwa, mtu wa zile familia zilizohamia na ng'ombe kutoka kaskazini magharibi. Alipanda kutoka Mtowisa kwenye joto akiwa na shati jepesi, akafika kwetu anatetemeka mpaka meno yanagongana. Alitaka barua ya kuomba eneo la malisho. Mpiga Chapa akavua lile koti lake, akamvisha, akaanza kupiga. Akachana. Akapiga. Akachana.

"Mama, inasomeka!" mfugaji akasema. "Mimi naiona inasomeka."

"Inasomeka, lakini haijanyooka."

"Mama, gari la kushuka linaondoka!"

"Litaondoka na barua iliyopinda? Kaa."

Gari likaondoka. Mfugaji akabaki na koti na kikombe cha uji, ananung'unika kwamba Wafipa wana roho ngumu, mpaka Dereva akamwita kitandani.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Mtowisa."

"Mimi nakwenda Kasanga. Panda, tutaonana na magari ya huko mbeleni."

Yule mtu akakaa pembeni ya kitanda akitazama kioo. Baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu dereva mwenyewe yuko wapi?" Dereva akainua kidole cha mkono wa kushoto kutoka kwenye kitufe, akamwonyesha. Walicheka wote wawili mpaka Mpiga Chapa akakosea tena.

Lakini mwanamke huyohuyo, kwenye kioo, alisamehe kila kitu. Mti ulioota hewani aliuacha wiki nzima. Nyumba isiyo na mlango: "Wametoka." Nilipoanza kumwonyesha kasoro moja baada ya nyingine alinitazama kama ninamhesabia nywele.

"Mama, kwenye karatasi unachana."

"Karatasi inabaki, mwanangu. Ataisoma bosi, na mtoto wa bosi, na panya. Hii inapita. Kinachopita kikipita vizuri kidogo, kimetosha."

Nilidhani ni uvivu. Nasikia aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani.

Hata hivyo aliyetatua tatizo la gia alikuwa yeye. Nilikuwa nimemweleza kwa mara ya kumi kwamba visanduku elfu moja ni vingi, muda hautoshi. Alikuwa anapachika karatasi kwenye mashine ya pili ya chapa huku mwanafunzi akimalizia ukurasa kwenye ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa desturi yake ili mtu asisubiri: anamaliza hapa, anasogea pale, karatasi iko tayari.

"Kwa nini usubiri nane ndipo uanze kuhama?" akasema bila kugeuka. "Pachika karatasi ya pili mapema. Andaa polepole wakati ya kwanza inakwenda. Ikifika nane unasogea tu."

Nikafungua kitabu. Mashine iliruhusu. Ungeweza kuwa na kioo cha pili kwenye kumbukumbu, kisichoonekana, ukakijaza kidogo kidogo katika zile hatua saba, kisha kwa amri moja ukakibadilisha na cha kwanza. Nikamwonyesha pia jambo nililolikuta kitabuni, kwamba unaweza kupanua ukingo wa kioo pande zote mbili, ukaficha mstari wa nchi unaoingia mpaka uwe tayari kutokea.

"Kumbe kuna jikoni," akasema. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. "Mgeni haoni unavyohangaika. Anaona sahani."

Umeme wa mtaa wao ulikuwa unakatika bila taarifa, na ukikatika, kazi yote ya mchana inafutika. Duka la Hajati lilikuwa na jenereta. Kwa hiyo baada ya Pasaka Mpiga Chapa alifunga kompyuta na televisheni kwenye blanketi, akanipa na kaseti iliyohifadhi barabara.

"Wiki mbili," nilisema.

"Sikiliza, fundi," Dereva alisema kutoka kitandani. Mtu wa kwanza kuniita fundi alikuwa yeye. "Mimi abiria wangu wako stendi. Usiniweke gereji."

"Wiki mbili tu, baba."

Baada ya siku kumi na moja barabara ilitembea. Nilifunga mlango wa chumba cha nyuma cha duka, nikabonyeza kile kitufe, na vilima vya Ufipa vikapita mbele yangu laini kama maji yanayomiminwa. Hakuna kushtuka. Matanuru yakaja, yakapita. Mteremko. Ziwa. Nililia, na sijui kama ni kwa furaha au kwa uchovu.

Kisha nikaona mstari wa juu.

Maumbo niliweza kuyaandaa kwenye kioo cha pili. Rangi sikuweza, kwa sababu mashine ilikuwa na mahali pamoja tu pa kuwekea rangi. Zilihitaji kuhamishwa papo kwa papo, na mwale ulikuwa unanikuta bado niko mstari wa juu kabisa. Kila hatua ya nane, ncha ya kilima kirefu ilivaa rangi ya anga kwa kiasi cha kufumba na kufumbua, kisha ikajirudi. Ilibidi uijue ndipo uione. Mimi niliijua, basi sikuona kitu kingine.

Ningeweza kushusha vilima mstari mmoja, tatizo likaisha siku hiyo. Nikaona huo ni udanganyifu. Vilima vya kule virefu, Dereva atajua. Ningeweza kurudisha mashine kama ilivyo, nikaendelea kutafuta dawa kwenye daftari. Hilo, naapa, halikunijia akilini. Nilijiambia kwamba mtu aliyesubiri hivyo anastahili kitu kisicho na doa. Wiki mbili zikawa tano. Nilipochoka kupambana na rangi nilitengeneza vitu vingine: nikaweka mawingu, nikaiunganisha barabara iwe duara, ili baada ya ziwa zitokee tena nyumba za Sumbawanga na safari isiishe. Hakuna aliyeniomba duara.

Ujumbe ulikuwa unakuja. Mwanafunzi wa taipu akija kutoa nakala ananiambia, "Mzee anasema abiria wako stendi." Tulicheka. Wiki iliyofuata: "Mzee anasema abiria wameanza kurudi nyumbani." Kisha, "Anasema mwambie fundi, hata ile yenye gia mbovu ataipokea." Huo wa mwisho sikuucheka. Nilimjibu, "Mwambie Jumamosi." Jumamosi nilikuwa na wazo jipya kuhusu rangi.

Ulezi ulipoanza kuvunwa, Hajati aliingia chumba cha nyuma, ushungi mkononi, akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo aliongea taratibu.

"Binti, zima hiyo mashine. Mume wa Mpiga Chapa hatunaye."

Sitaeleza mazishi. Nitasema nilikaa nyuma, mbali, na Mpiga Chapa alikuwa amevaa lile koti. Wiki iliyofuata nilipakia kompyuta na televisheni kwenye mkokoteni, nikazikabidhi kwa jirani yake saa ambayo nilijua hayupo. Kaseti sikuirudisha. Jirani alipouliza kama ni vyote, nilisema ndiyo. Nilishindwa kumpa mjane ushahidi kwamba kazi ilikuwa tayari.

Karibu miaka miwili nilizunguka kwa mtaa wa nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Nikiliona koti lake sokoni, naingia duka lolote lililo karibu, nanunua nisichokihitaji. Kaseti niliiweka kwenye kopo la majani ya chai, nikawa nalifungua kuhakikisha kwamba ipo.

Mwaka huu, mwezi wa sita, sikumwona mapema. Nilikuwa nimeinama kwenye fungu la maharage, nikasikia sauti juu ya kichwa changu.

"Hayo ya Mpui yanaiva haraka. Hayo mengine utachoma kuni bure."

Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda." Akanitazama bila haraka. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba kwenye maungio. "Mashine yangu inakaa bure. Kaseti unayo?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi kwa miaka miwili. Nikasema, "Ninayo."

"Jumamosi basi. Baada ya uji."

Sebule ilikuwa ileile, ila kitanda hakikuwapo, na mahali pake sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Mashine mbili za chapa zilikuwa zimefunikwa. Kompyuta ilikuwa mezani, imeshaunganishwa. Nilipachika kaseti. Mashine ile ilichukua dakika nyingi kusoma kaseti, na katika dakika hizo huna la kufanya ila kukaa. Tulikaa.

"Ulimaliza lini?" akauliza.

Ndilo swali nililokuwa nalikimbia. Kaseti ilizunguka.

"Siku ya kumi na moja, mama. Ilikuwa inatembea vizuri. Kulikuwa na doa dogo juu. Nikawa narekebisha doa."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Nilisikia mpaka ikaishia.

"Alikuwa anauliza kila siku," akasema.

"Najua, mama. Nilipata ujumbe."

"Hujui. Nilikutumia ujumbe wa kila wiki. Yeye aliuliza kila siku, saa ileile, mkono uko hivi." Akaweka kiganja cha kushoto juu ya meza, kidole kimoja kimeinuka kidogo. "Nikamwambia gari liko gereji. Akasema mafundi wa gereji wako hivyo hivyo, wanalipenda gari kuliko abiria."

Nilijaribu kusema nisamehe, na neno halikutoka zima. Yeye akaendelea kuitazama kaseti.

"Nilitaka kuja kuichukua. Mara mbili nimevaa viatu. Nikasema, huyu mtoto anachana karatasi. Anataka inyooke. Na kuchana nilimfundisha mimi, kwa hiyo nikavua viatu." Akavuta koti. "Hilo nalo nimelibeba. Usifikiri umebeba peke yako."

Kioo kikawaka. Lori la buluu, nyumba za mwisho za mji, mikaratusi mitatu. Nilimsogezea kibodi upande wa mkono wa kulia, akakataa kwa kichwa. Aliweka wa kushoto kwenye kitufe kirefu, akabonyeza.

Nchi ikaanza kupita. Matuta ya duara. Vilima. Nilikuwa namtazama yeye nikisubiri aone doa. Kila hatua ya nane moyo wangu ulishtuka badala ya barabara. Hakuliona. Au aliliona akaliacha lipite. Tulifika kwenye matanuru, na kidole chake kikasita pale, pale alipokuwa anaachia mumewe. Kisha akakibonyeza tena kwa nguvu, na tukaanza kushuka. Kona ya kwanza, kona ya pili, mawe, majani yanayozidi kuwa mabichi kadiri unavyoteremka. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Kifipa, chini kwa chini, kama mtu anayemwelekeza anayeendesha.

Ziwa likafunguka kutoka kulia, buluu iliyoiva, mpaka likajaa nusu ya kioo.

Hapo nikakumbuka lile duara langu. Nilijua kilichokuwa nyuma ya ukingo, kule jikoni: mstari wa kwanza wa nyumba za Sumbawanga ulikuwa tayari umeshaandaliwa, umesimama hauonekani, unasubiri nukta chache tu ili utokee umrudishe alikotoka. Nilifungua mdomo nimwonye.

Mpiga Chapa alikuwa ameshaachia kitufe.

"Mwache hapa," alisema.

Barabara ilisimama. Lori lilisimama ukingoni mwa maji. Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akainuka, akaenda kuchochea moto wa chai, akaniacha peke yangu na kioo. Pale juu, kwa sababu tulisimama katikati ya hatua, ncha ya kilima ilikuwa imebaki na rangi ya anga, wazi kabisa, na safari hii haikujirudi. Ilihitaji kitufe kibonyezwe mara moja tu ili ikae sawa.

Niliisukuma mikono chini ya mapaja, nikaikalia.